Nani Aliulizwa? Kura za Maoni na Nyufa Ndani ya Vyama

Hotuba hii niliitoa Dodoma, mbele ya vijana wa vyama mbalimbali na waandishi wa redio za jamii. Wengi mlitaka kuja lakini ukumbi ukajaa mapema. Naiweka hapa yote kama nilivyoizungumza. Majedwali niliyoyaonyesha ukutani nimeyaacha.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Naona kijani, naona bluu na nyekundu, naona zambarau kule mwisho, na naona waliovaa nguo zao za kawaida wasitake kujulikana. Wote karibuni.

Nianze na swali la lugha. Mtu akija kwenu akasema, "Nimeongoza kura za maoni," amewaambia nini?

Anaweza kuwa kada aliyesimama mbele ya wajumbe wa chama chake, wakapiga kura kwenye karatasi, zikahesabiwa, akawa wa kwanza. Anaweza pia kuwa mwanasiasa aliyesoma gazetini kwamba watu elfu moja na kitu, waliopigiwa simu majumbani mwao, wamelitaja jina lake kuliko majina mengine. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama Kigoma na Tanga, na sisi yote tunayaita kura za maoni. La kwanza lina sanduku, la pili lina dodoso. La kwanza linatoa mgombea, la pili linatoa habari ya siku ile. Lakini kwa kuwa jina ni moja, tumezoea kulichukua la pili tukaligombania kana kwamba ni la kwanza. Makundi yanaanza kuumbika hapo, na chama kinaanza kupasuka hapo.

Leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlizoee. Ukisikia mtu anaongoza, uliza: nani aliulizwa?

Mimi kabla ya kuingia redioni nilikuwa mdodosaji. Nimetembea na mabegi ya madodoso katika mikoa mingi ya nchi hii. Siku moja nilipangiwa kijiji kimoja mkoani Singida. Utaratibu mnaujua, huwezi kuingia kijijini ukaanza kupiga hodi ovyo. Unaripoti kwa mtendaji, naye anakupa mwenyeji. Mimi nilipewa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa, mzee mkarimu sana, aliyenipokea begi langu akalibeba mwenyewe. Tukafika kwa babu mmoja aliyekuwa anachambua mtama uani. Balozi akavuta kigoda, akakaa pembeni yangu. Nikauliza swali kama lilivyoandikwa: uchaguzi ukifanyika leo, utampigia kura mgombea wa chama gani?

Babu akamtazama balozi. Kisha akakitaja chama cha balozi. Nikaandika.

Nilipofunga dodoso, babu akasema atanisindikiza hadi barabarani. Balozi alikuwa ametangulia nyumba ya pili. Njiani babu akaniuliza, "Binti, ile karatasi sasa inakwenda wapi?" Nikamweleza kwamba inakwenda Dar es Salaam, majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, na jina lake halimo. Akatembea kidogo bila kusema neno. Kisha akasema, "Basi kama jina langu halimo, futa pale. Jibu langu silo lile."

Sikufuta. Tulifundishwa kwamba mahojiano yakishafungwa, jibu halibadilishwi. Niliufuata utaratibu, na mpaka leo naumia nikikumbuka, kwa sababu jibu lililokwenda Dar es Salaam kwa jina la babu yule lilikuwa la balozi.

Nani aliulizwa pale, ndugu zangu? Babu au balozi?

Simwambii mtu yeyote hapa kwamba tafiti za maoni ni uongo. Nimekula mkate wa kazi ile na naiheshimu. Ukichagua watu kwa bahati nasibu, ukawauliza vizuri, watu 1,500 wanaweza kukueleza hali ya nchi ya mamilioni. Mpishi haimalizi sufuria nzima ili ajue chumvi, anaonja kijiko kimoja. Lakini lazima aikoroge kwanza, na lazima aonje sufuria ile ile atakayoipakua. Wanasiasa wetu wanaonja sufuria ya jirani, halafu wanagombana kuhusu chumvi ya sufuria yao.

Nitawapa mfano tulioushuhudia wote. Novemba 2014, karibu mwaka mzima kabla ya uchaguzi, Twaweza, shirika linalofanya tafiti za maoni, walitoa matokeo ya utafiti wao wa simu wa Sauti za Wananchi. Watu waliulizwa wangempigia nani kura ya urais. Aliyetajwa zaidi alikuwa Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, asilimia 13. Akafuatiwa na Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, asilimia 12. Jina la John Magufuli lilikuwa chini huko, halikumsumbua mtu.

Mtaani habari ikawa moja tu: Lowassa anaongoza. Asilimia 13! Maana yake katika kila watu 100, watu 87 hawakumtaja. Taarifa ya kweli siku ile ilikuwa kwamba Watanzania hawajaamua. Lakini "hawajaamua" haiuzi gazeti, wala haimchangishi mfadhili. "Anaongoza" inafanya vyote viwili. Kambi moja ikaichukua asilimia ile 13 ikaivaa kama taji. Kambi nyingine ikaiona kama tangazo la vita.

Sasa twendeni kwenye hesabu, na naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nadhani hii ndiyo sehemu ambayo haisemwi. Mgombea urais wa CCM, chama tawala, mwaka 2015 alichaguliwa na nani? Aliyemaliza kazi ni Mkutano Mkuu wa Taifa, hapa hapa Dodoma. Kura halali zilikuwa 2,416. Mwaka ule nchi ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 23. Gawanyeni. Ni mjumbe mmoja katika kila wapiga kura 9,500 hivi. Utafiti mkubwa wa Twaweza wa mwaka 2015 uliwahoji watu 1,848. Ili umkute mjumbe mmoja tu wa Mkutano Mkuu kwa bahati nasibu, ungelazimika kufanya tafiti tano za ukubwa ule. Tano! Mjumbe mmoja!

Na huyo ni mjumbe wa Mkutano Mkuu, wa mlango wa mwisho. Kabla yake kuna Halmashauri Kuu. Kabla ya hiyo kuna Kamati Kuu, ambayo wajumbe wake unaweza kuwapandisha kwenye basi moja. Utafiti gani wa maoni utaufikia mlango ule? Hakuna. Kwa hiyo mtu anayesema "nakubalika kwa wananchi" na mtu anayesema "vikao ndivyo vinavyoamua" wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa watu wake. Mmoja anawazungumzia waliohojiwa kwa simu, mwingine anawazungumzia walioketi ukumbini.

Mwaka 2020, baada ya kura za maoni za ubunge, mtaani kulikuwa na msemo: wajumbe si watu wazuri. Mnaukumbuka? Mimi niliwasikia watia nia waliolia kweli. Mtu amezunguka jimbo zima, kila kijiji wamemwambia "wewe ndiye," halafu sanduku linafunguliwa na ana kura nne. Wajumbe hawakuwa wabaya kuliko watu wengine. Yeye alikuwa amewauliza wananchi kazi iliyokuwa mikononi mwa wajumbe.

Niwarudishe nyuma kidogo, mwaka 1995. Wazee mlioko mbele mnaujua vizuri kuliko mimi. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu, Mwalimu Nyerere yupo hai, na CCM inatafuta mtu wa kumrithi Mzee Mwinyi. Majina matatu yakafika Mkutano Mkuu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete akapata kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyefikisha nusu. Msuya akatoka, wakarudia. Raundi ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639.

Kura 47. Kijana wa miaka 44, aliyekuwa ameongoza raundi ya kwanza, anaukosa urais wa nchi kwa watu 47. Jiulizeni ninyi wenyewe, mngelala usiku ule?

Na alifanya nini? Alibaki. Alitumikia serikali ya Mkapa kama Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi. Mwaka 2005 akarudi kwenye mkutano ule ule, akapata kura 1,072, Dkt. Salim Ahmed Salim akapata 476, Profesa Mark Mwandosya 122.

Watu wanasema Kikwete alibaki kwa sababu Mwalimu alimtuliza, au kwa sababu alikuwa kijana na muda ulikuwa upande wake. Huenda yote hayo ni kweli. Lakini mimi naliona na hili: alihesabiwa. Alizisikia namba zikisomwa. Alijua ni watu 639 waliomtaka na watu 686 waliomtaka mwenzake. Ukishindwa kwa kura 47 zilizosomwa mbele yako, unaumia, lakini unajua umeumizwa na nini. Unaweza kuanza kuwatafuta wale 47.

Mwaka ule ule wa 1995 yupo aliyetoka. Augustine Mrema alihama mapema mwaka ule, kabla vikao havijakaa, akaenda chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi na kupata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Yeye hakuhesabiwa na Mkutano Mkuu wowote wa chama alichokitoka. Alijipima kwa umati uliokuwa unamfuata barabarani. Na yupo mwingine, wa ngazi ya jimbo, Dkt. Willibrod Slaa wa Karatu. Aliongoza kura za maoni za CCM jimboni kwake, jina lake likakatwa juu. Akahamia CHADEMA, chama cha upinzani, akaushinda ubunge. Mkumbukeni huyu, tutakutana naye tena.

Sasa twendeni Julai 2015. Watia nia waliorudisha fomu walikuwa 38. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Lowassa alianzia safari yake uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tarehe 30 Mei, na umati ule kila aliyeuona anaukumbuka. Kila alikokwenda walijitokeza maelfu kumdhamini, wakati kanuni ilihitaji 30 tu kwa mkoa. Wafuasi wake wakayaita mafuriko. Magufuli alichukua fomu kimya kimya, akatafuta wadhamini wake kimya kimya, akarudisha. Redioni kwetu tulimpa dakika moja. Nakiri hilo mbele yenu kwa masikitiko: dakika moja, kwa mtu aliyekuja kuwa Rais.

Usiku wa tarehe 10 Julai Kamati Kuu ikatoa majina matano: Bernard Membe, January Makamba, John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Lowassa hakuwemo. Usiku ule ule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakatoka mbele ya waandishi wakasema hawakubaliani na namna majina yalivyoletwa. Malalamiko yao yalikuwa kwamba majina yalikuwa yameshachujwa kabla hayajafika kwao, kwa hiyo walinyimwa nafasi ya kuwajadili watia nia wote. Kesho yake, mwenyekiti akiingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, sehemu ya wajumbe ikaimba: tuna imani na Lowassa. Wimbo ule wa imani ulitungwa kumsifu kiongozi aliyeko madarakani. Siku ile ukaimbwa kwa jina la mtu aliyekatwa, mbele ya mwenyekiti wa chama.

Halmashauri Kuu ikabakiza watatu. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Migiro 59. Ushindi wa asilimia 87.

Mnaiona tofauti? Mama Amina alihesabiwa, Mama Migiro alihesabiwa, na hakuna aliyehama kati yao. Lowassa alikuwa na kura ngapi ndani ya CCM? Nijibuni! Hakuna anayejua. Hamjui, mimi sijui, na yeye mwenyewe amefariki Februari 2024 bila kujua. Huenda angepata 1,500. Huenda angepata 300 na habari ikaishia pale. Waliomkata walikuwa na sababu zao. Kashfa ya Richmond, ya mkataba wa umeme wa dharura, iliyomtoa Uwaziri Mkuu mwaka 2008 haikuwa jambo dogo, na chama kina haki ya kuwapima watu wake kwa maadili. Simtetei. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekatwa bila hesabu anabaki na hesabu yake mwenyewe kichwani. Hesabu ya Lowassa ilikuwa mafuriko, na asilimia 13, na kila kijarida kilichowahi kuandika kwamba anaongoza.

Tarehe 12 Julai mgombea akatangazwa. Tarehe 28 Julai Lowassa akaingia CHADEMA. Siku 16. Agosti akafuata Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mwingine mstaafu. Oktoba akatoka Mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, mtu aliyekuwemo tangu TANU.

Wenzetu wa upinzani mnashangilia hapo? Ngojeni kwanza. Agosti 4 CHADEMA wakampitisha Lowassa, na mgombea mwenza, Juma Duni Haji, akatoka CUF, chama kingine cha upinzani. Nani aliulizwa? Wiki moja kabla, chama kile kilikuwa na katibu mkuu aliyekipatia asilimia 27 ya kura za urais mwaka 2010 na ambaye wanachama wengi walimhesabu kuwa ndiye mgombea wao. Jina lake Dkt. Slaa. Ni yule yule wa Karatu, aliyekuja CHADEMA kwa sababu jina lake lilikatwa kwingine. Tarehe 1 Septemba akatangaza kuachana na siasa za vyama. Profesa Ibrahim Lipumba alikuwa ameshajiuzulu uenyekiti wa CUF mapema Agosti, na ugomvi uliofuata ndani ya CUF uliipasua kwa miaka. Mtu aliyekatwa kwa mezani upande mmoja akapitishwa kwa mezani upande wa pili, na kwenye meza zote mbili wapo walioachwa nje bila kuhesabiwa. Mimi hili linaniumiza kuliko yote niliyoyasema leo. Vyama vilivyojengwa kwa kulalamikia kukatwa vikakata.

Kisha ikaja Septemba, na tafiti zikarudi. Twaweza wakasema Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Kampuni ya utafiti ya Ipsos ikasema 62 kwa 31. Wapo waliotoa matokeo yaliyompa Lowassa ushindi, nayo yakazunguka kwenye simu zetu kama moto wa nyika. Nilikuwa studio siku Twaweza walipotangaza. Simu za wasikilizaji hazikuuliza namna utafiti ulivyofanyika. Ziliuliza, "Wamelipwa na nani?" Upande wa pili walipotoa zao, simu zikauliza hilo hilo.

Matokeo ya Tume ya Uchaguzi mnayajua: Magufuli 58.46, Lowassa 39.97. Tafiti zile mbili zilimpata mshindi. Lakini tazameni upande wa pili. Twaweza walimpunja Lowassa kwa karibu pointi 15, Ipsos kwa 9. Upande mmoja tu, kwa kiasi kile, hiyo haiwezi kuwa bahati mbaya ya kuchagua watu. Wapo waliosema hawajaamua, wapo waliohamia dakika za mwisho. Na mimi namwona babu wa Singida. Namwona anapigiwa simu na sauti asiyoijua, anaulizwa atampigia nani, na hata kama hakuna balozi kwenye kigoda, anamwona balozi. Nchi ambayo mtu anaogopa kusema jibu lake uani kwake haiwezi kupimwa sawasawa na mtu yeyote, hata awe mtaalamu namna gani.

Msidhani ni sisi tu. Januari 2008 nilikuwa zamu ya usiku. Kenya ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba, na katikati ya habari zile nzito tukawa tunafuatilia pia Marekani, ambako Barack Obama na Hillary Clinton walikuwa wanawania tiketi ya urais ya chama cha Democratic. Obama alikuwa ametoka kushinda Iowa tarehe 3. Jimbo la pili, New Hampshire, lilikuwa siku tano mbele, na tafiti zilimpa Obama uongozi wa pointi kama 8 kwa wastani. Tuliandaa habari ya ushindi wake kabla ya kura kuhesabiwa. Asubuhi mshindi akawa Clinton, kwa karibu pointi 3. Wataalamu wa tafiti wa kule waliunda kamati, wakachunguza, wakaandika ripoti nzima kueleza walikosea wapi. Mojawapo ya sababu: tafiti zilifungwa mapema mno, wakati watu walikuwa bado wanabadilika. Kukosea walikosea, lakini walikwenda mbele ya watu na makosa yao mkononi. Hapo nawavulia kofia.

Chama kile nacho kilikaribia kupasuka. Wapo wafuasi wa Clinton walioapa hawatampigia Obama kamwe. Waligombana mpaka Juni. Lakini kila jimbo lilipiga kura, matokeo yakatangazwa, na Agosti huko Denver ni Clinton mwenyewe aliyesimama katikati ya wajumbe wa New York akaomba Obama apitishwe kwa kauli moja. Hata Nairobi, Septemba 2007, chama cha ODM cha Kenya kilikutana Kasarani, Raila Odinga akapata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Walioshindwa mbele ya sanduku walibaki wakampigia debe. Kalonzo Musyoka, aliyeondoka kabla ya sanduku, aligombea kivyake.

Nina la mwisho, na hili nitalisema taratibu. Julai 2018 Twaweza walitoa utafiti ulioonyesha kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. Jibu lililowafikia ni barua ya kuulizwa kibali. Mwaka ule sheria ya takwimu ikarekebishwa kwa ukali, na ingawa mwaka 2019 ililegezwa, tangu hapo tafiti za kuwataja wagombea kwa majina zimekuwa adimu kama mvua ya Agosti hapa Dodoma. Vijana mnaoingia siasa sasa mnakua bila kipimo hata kile kibovu. Mnabaki na umati, na "nyomi" la kwenye picha, na idadi ya wanaokufuateni mitandaoni. Nani aliulizwa hapo? Hakuna. Kuna waliopiga kelele tu.

Kwa hiyo ninyi wa vyama, wa rangi zote, naomba hili: siku jina la mtia nia linapokatwa, kura ya kulikata ipigwe na isomwe. Ngapi kwa ngapi. Hata kama ni kikao cha watu 30. Msomeeni mwenzenu namba yake, hata kama ni sifuri, aende nayo nyumbani. Na mkitaka kujua wanachama wenu wanamtaka nani, wadodoseni wanachama wenye kadi, msichukue utafiti wa nchi nzima mkaubandika kwenye chama.

Ninyi wa redio, utafiti ukiletwa mezani, kabla ya kusoma nani anaongoza, someni waliohojiwa ni wangapi, walipatikanaje, lini, kwa fedha za nani, na wangapi walikataa kujibu. Wasikilizaji wetu wanaelewa. Anayejua bei ya gunia la mahindi Kibaigwa na bei yake Kariakoo anaelewa asilimia.

Na wadodosaji, wadogo zangu, najua mko watatu humu, mmejitambulisha kwangu pale mlangoni. Mwombeni balozi awasubiri nyumba ya pili. Mwambieni kwa heshima, mpeni na maji ya kunywa, lakini asikae pale uani.

Nashukuru kwa masikio yenu. Nimeona mikono tangu nilipotaja Kamati Kuu. Kipaza sauti kianzie kule nyuma, kwa waliosimama.